Namna ya kuendesha mazungumzo ya amani ya mfano kati ya Waisraeli na Wapalestina wa kawaida

Mazungumzo ya amani ya mfano yanahitaji Waisraeli watano, Wapalestina watano, wasimamizi wawili (mmoja wa kila upande), vikao vitano vya dakika 90, na hadhira ndogo iliyokaa nyuma. Mwisho wake ni karatasi moja ambayo pande zote mbili zimeisaini au zimekataa kuisaini. Hakuna anayejifanya waziri wala rais. Kila mjumbe huketi kama yeye mwenyewe, raia asiye na cheo, mbele ya masuala yaleyale yaliyowashinda wakubwa Camp David Julai 2000, Taba Januari 2001, na tena katika duru iliyovunjika Aprili 2014.

Hili si sawa na vikao vya kufahamiana. Kufahamiana kuna thamani yake, na humu kumepewa nafasi, ila watu wanaweza kulia pamoja jioni nzima wakaagana bila kujua kama wanakubaliana mpaka upite wapi. Kuandika kifungu humlazimisha mtu aseme anachokihitaji, anachoweza kukiacha, na bei ya kukiacha. Kwa hiyo maandalizi yote yanayofuata yana lengo moja: kuwafikisha watu kumi mbele ya sentensi wanayoweza kuiandika pamoja, wakiwa sawa kadiri hali inavyoruhusu.

Kuwapata wajumbe

Tafuta watano na wawili wa akiba kwa kila upande. Akiba ni lazima, hasa upande wa Wapalestina, kwa sababu barabara inaweza kufungwa asubuhi hiyohiyo. Usiwachukue wanaharakati wa amani watupu. Watakubaliana haraka, watapongezana, na makubaliano yao hayatamshawishi mtu yeyote mtaani kwao. Upande wa Israeli hakikisha yupo mtu wa dini, yupo mwenye asili ya nchi za Kiarabu, yupo aliyepiga kura mrengo wa kulia. Upande wa Palestina awepo anayetoka kambi ya wakimbizi, awepo wa Jerusalem Mashariki, awepo wa Hebron au Nablus, wala si Ramallah peke yake. Wanawake wasipungue wawili kila upande. Mlowezi anaweza kualikwa, lakini Wapalestina waulizwe kwanza, na jibu lao liheshimiwe bila kubembelezwa.

Amueni mapema kuhusu Wapalestina wenye uraia wa Israeli, ambao pamoja na Waarabu wengine wa nchi hiyo ni karibu moja ya tano ya wananchi wake. Wengine watataka kuketi upande wa Israeli, wengine upande wa Palestina, na wengine watasema hakuna kiti kinachowafaa. Muulize mhusika mwenyewe. Kumpangia mtu upande ni kuanza mazungumzo kwa kumnyang'anya sauti.

Kila mmoja ahojiwe peke yake kwa muda wa dakika 45 hivi. Maswali mawili hayaachwi. La kwanza: ni jambo gani hutalisaini hata iweje? La pili: jina au picha yako ikitoka nje, nini kitatokea nyumbani, kazini, mtaani? Swali la pili lina uzito mkubwa zaidi kwa Mpalestina. Jamii yake ina upinzani mkali dhidi ya kile kinachoitwa *tatbi'*, yaani kuuzoesha ukaliaji wa Israeli uonekane jambo la kawaida, na aliyekutana na Waisraeli anaweza kutengwa au kutishwa. Mwisraeli naye anaweza kuitwa msaliti na ndugu zake. Usiwaambie kwamba hofu hiyo haina msingi. Weka kwenye mwaliko maneno ya wazi kwamba lengo ni makubaliano yanayomaliza ukaliaji na kuwapa watu wa pande zote mbili usalama na haki sawa. Mwaliko unaosema "amani na urafiki" tu utawavutia Waisraeli na kuwafukuza Wapalestina, na walio makini ndio watakaotangulia kukataa.

Picha, sauti na majina: ruhusa ya maandishi, ya kila mtu, kwa kila jambo peke yake. Ruhusa ya kuingia hadhira si ruhusa ya kupigwa picha. Aliyekubali ana haki ya kubadili mawazo hadi siku ya mwisho.

Mahali, siku, na njia

Mezani watu ni sawa, lakini njia ya kufika mezani haiko sawa hata kidogo. Mkataba wa Oslo wa pili wa mwaka 1995 uliugawa Ukingo wa Magharibi katika Eneo A (chini ya Mamlaka ya Palestina), B (chini ya pande zote mbili) na C (chini ya Israeli). Raia wa Israeli wanakatazwa na jeshi lao kuingia Eneo A, na mabango mekundu barabarani yanasema hivyo. Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi haingii Israeli wala Jerusalem bila kibali cha Israeli, na baada ya tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas iliposhambulia Israeli, vibali vingi vilifutwa. Kwa hiyo mahali panapofikika na wote kwa kawaida ni Eneo C, ambalo ni takriban asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi. Pembezoni mwa Beit Jala, karibu na Bethlehem, pametumika miaka mingi kwa mikutano ya aina hii kwa sababu hiyo. Neve Shalom/Wahat al-Salam, kijiji cha Wayahudi na Wapalestina wenye uraia wa Israeli, kina Shule ya Amani tangu 1979 na kina uzoefu mkubwa, lakini kiko ndani ya Israeli, hivyo vibali vinarudi kuwa tatizo. Cyprus au Jordan ni njia nyingine kwa wenye fedha, ingawa Mpalestina atapitia Daraja la Allenby, kivuko cha kuingia Jordan kinachodhibitiwa na Israeli, na anaweza kurudishwa hapo. Mjumbe wa Gaza hushiriki kwa video tu. Akiwapo, mpe muda wa kusema uliotengwa, maana mtandao ukikatika hatakuwa na namna ya kunyoosha mkono.

Siku usipange kati ya Ijumaa adhuhuri na Jumamosi usiku: kuna sala ya Ijumaa, kisha kuna Sabato. Ramadhani, Yom Kippur (siku ya mfungo ya Wayahudi), tarehe 15 Mei ya kumbukumbu ya Nakba (janga la Wapalestina la 1948) na siku za maombolezo za Israeli zote ziepukwe. Tenga saa mbili za ziada kwa ajili ya vituo vya ukaguzi, na kikao kisianze hadi upande wa pili ufike. Kuanza na "waliopo" kwa sababu muda umekwenda ni kosa linalokumbukwa hadi mwisho. Nauli zilipwe kwa wote, siku hiyohiyo, kwa shekeli. Chakula kiwe halali na kosha, yaani kinachofuata sheria ya Kiyahudi. Mlo wa mboga ulioandaliwa kwa masharti ya kosha hurahisisha mambo, lakini uliza kwanza.

Kabla ya kukutana

Kila upande ukutane peke yake mara mbili, saa tatu kila mara. Waandaaji wengi huruka hatua hii ili kuokoa fedha, na mazungumzo mengi yanaharibikia hapa. Wapalestina watano hawana msimamo mmoja, Waisraeli watano hawana msimamo mmoja, na wasipogombana wenyewe kwa wenyewe kabla, watagombana mbele ya upande wa pili, kisha aliyeshindwa ataondoka kwa hasira. Katika kikao cha kwanza waorodheshe mahitaji yao: usalama, uhuru wa kutembea, kutambuliwa, ardhi, maji. Katika cha pili wapange yapi ni ya lazima na yapi yana nafasi ya kusogea, kisha wachague msemaji kwa kila mada, si msemaji mmoja wa kudumu. Hapo pia fanya zoezi la nusu saa la kubadilishana nafasi: watatu wautetee upande wa pili kadiri wawezavyo, wawili wawahoji. Zoezi hili lifanyike faragha. Likifanywa mbele ya wenyewe huonekana dhihaka.

Kisha siku ya kwanza, kabla ya kikao chochote cha mapatano, fanya duara la kusikilizana la saa mbili. Kila mtu ana dakika nne za kueleza jinsi mgogoro huu ulivyoingia nyumbani kwake. Anayefuata hamjibu aliyetangulia. Anaeleza ya kwake. Msimamizi atangaze mapema kwamba misiba haipimwi uzito. Mmoja atataja Nakba ya 1948, Wapalestina 700,000 hivi walipofukuzwa au kukimbia makwao. Mwingine atataja mauaji ya Wayahudi wa Ulaya, mwingine tarehe 7 Oktoba, mwingine familia yake iliyo chini ya vifusi Gaza. Mtu akisema "lakini sisi..." mrudishe kwa upole kwenye zamu yake. Duara hili halimalizi historia. Huipa mahali pake pa kusemwa, ili isije ikameza kikao cha mipaka.

Lugha iamuliwe kabla. Kiingereza huonekana cha haki kwa wote, lakini huwabakiza mezani wasomi tu na kuwanyamazisha wengine. Kiebrania peke yake huwapa Waisraeli faida ya kuchezea nyumbani. Kilicho bora ni Kiarabu na Kiebrania, wakalimani wawili wenye kupokezana, na msemaji asizidi dakika mbili kabla ya kutafsiriwa. Ndiyo, muda wa kusikia unapungua nusu, lakini watu nao hupunguza maneno. Wape wakalimani orodha ya majina yenye ubishi siku moja kabla, na kwenye karatasi andika yote mawili kwa mkwaju: Haram al-Sharif/Mlima wa Hekalu, majina mawili ya eneo la Al-Aqsa huko Jerusalem. Dakika mbili za wino zinaokoa nusu saa ya mabishano.

Vikao vitano

Tumia karatasi moja tangu mwanzo. Njia hii ilitumika Camp David Septemba 1978, ambapo Wamarekani waliandika rasimu, wakapokea lawama za Misri na za Israeli, wakaandika tena, rasimu takriban 23 kwa siku 13. Wasimamizi ndio wanaoandika, na pande mbili hazipendekezi maneno mapya. Zinasema kifungu hiki kinatuumiza wapi na kwa nini. Kwenye ubishi usioisha, weka msimamo wa kila upande ndani ya mabano ya mraba na usonge mbele. Hakuna kilichokubaliwa hadi vyote vikubaliwe. Hili lirudiwe kila kikao, la sivyo hakuna atakayethubutu kusogea.

Kikao cha kwanza kiwe cha hatua za haraka na maji. Usianze na Jerusalem. Watu wanadhani suala kubwa likivunjwa kwanza mengine yatafuata, lakini watu wasiowahi kuandika hata sentensi moja pamoja hawawezi kuanza na sentensi ngumu kuliko zote. Maji yana faida mbili. Yanahesabika, na hakuna upande unaoyamiliki peke yake: mvua inanyesha kwenye milima ya Ukingo wa Magharibi, na maji yake yaliyo chini ya ardhi yanateremka pande zote, hadi pwani ya Israeli. Mkataba wa 1995 ulitambua kwamba Wapalestina wana haki za maji lakini ukaziahirisha hadi makubaliano ya mwisho, ukaweka mgao wa muda wa miaka mitano, na Kamati ya Pamoja ya Maji ambamo kila uamuzi unahitaji kibali cha pande zote mbili. Miaka mitano ikapita, na mpango wa muda ukabaki kuwa wa kudumu. Waulize wajumbe: kifungu chenu kitazuiaje jambo hilo lisijirudie? Wakijifunza hapa kuandika tarehe, mwenye wajibu, na kinachofuata asipotimiza, vikao vinne vilivyobaki vitakuwa na uti wa mgongo.

Kikao cha pili ni mipaka, makazi ya walowezi na usalama, na vyote viende pamoja kwa sababu kimoja hununuliwa kwa kingine. Weka ramani kubwa mezani, yenye mstari wa 1967 (mpaka wa kabla ya vita vya mwaka huo) na barabara. Wape mifano ya waliotangulia ili wasianze na karatasi tupu: mapendekezo ya Rais Clinton wa Marekani ya Desemba 2000 yalitaja asilimia 94 hadi 96 ya Ukingo wa Magharibi kuwa ya dola ya Palestina, pamoja na kubadilishana ardhi; na Makubaliano ya Geneva ya 2003, yaliyoandikwa na watu wa pande zote mbili wasiokuwa na mamlaka ya kiserikali, yaliweka miezi 30 ya kuondoka kwa jeshi la Israeli na muda wa ziada kwa Bonde la Jordan. Wasilazimishwe kuifuata. Wapo wanaotaka shirikisho la dola mbili, wapo wanaotaka dola moja yenye haki sawa, na msimamizi hana mamlaka ya kuwafungia mlango. Anachodai ni kwamba kila wazo lijibu maswali yaleyale: nani analinda, nani anapiga kura wapi, nani anapita bila kusimamishwa.

Jerusalem iwe kikao cha tatu. Hapa adui mkubwa ni maneno mazuri. "Mji wazi kwa dini zote" kila mtu atalisaini, na halina maana yoyote. Liulize hivi: saa tisa usiku kuna ugomvi kwenye lango la Mji Mkongwe, askari anayefika amevaa sare ya nani, na mshukiwa anapelekwa mahakama ipi? Kwa eneo la Al-Aqsa, acha kwanza neno mamlaka na ugawe kazi: nani anafungua milango, nani anakarabati, nani anaruhusu au kuzuia kuchimba, nani anasali wapi. Waqf ya Jordan, yaani taasisi ya wakfu wa Kiislamu, inasimamia eneo hilo leo, polisi wa Israeli wanadhibiti kuingia, na kwa utaratibu wa siku nyingi wasio Waislamu huzuru lakini hawasali, ingawa utaratibu huo umekuwa ukivunjwa. Wajumbe wengi hukuta kwamba wanakubaliana juu ya kazi nne kati ya tano. Ya tano iingie kwenye mabano.

Kikao cha nne, wakimbizi, kiwe asubuhi ya siku ya pili watu wakiwa na nguvu. Ukikiacha cha jioni utapata sentensi ya uchovu kwenye suala linalobeba watu karibu milioni sita walioandikishwa na UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina. Usiruhusu swali la kwanza liwe "wangapi watarudi?" Idadi huligeuza shimo kuwa bonde: Mwisraeli anasikia mwisho wa nchi yake, Mpalestina anasikia haki ya babu yake ikipunguzwa kuwa mgao. Ligawe suala katika vipande vinne. Kwanza, Israeli itakiri nini kuhusu 1948, na kwa maneno gani? Pili, haki yenyewe iandikweje, kwa kurejea Azimio 194 la Umoja wa Mataifa la Desemba 1948, linalozungumzia kurudi na fidia, au vinginevyo? Tatu, mkimbizi mmoja mmoja atachagua kati ya maeneo gani? Nne, fidia, ikiwa ni pamoja na madai ya Wayahudi walioacha mali katika nchi za Kiarabu, ingawa Wapalestina watasema, kwa haki, kwamba deni hilo si lao. Kipande cha kwanza hupewa muda mfupi, na ndicho kinachostahili mrefu. Ukiri ulioandikwa vizuri hulegeza vingine vyote.

Kikao cha tano ni cha kufunga mabano. Dakika 20 za mwisho za kila kikao hadhira huuliza kwa karatasi, msimamizi akisoma. Kila upande una haki ya kuomba faragha ya dakika kumi, mara mbili kwa kikao. Saa zihesabiwe.

Yanapoharibika

Habari ya shambulio au ya bomu ikifika katikati ya kikao, simamisha kwa nusu saa. Kila msimamizi azungumze na watu wa upande wake mmoja mmoja, wapige simu nyumbani, kisha waulizwe kama wanaweza kuendelea. Usiufanye mjadala wa nani amelaani nini kuwa tiketi ya kurudi mezani. Anayetaka kulaani ataachiwa nafasi, na mara nyingi hulaani mwenyewe asipolazimishwa.

Mjumbe akitoka kwa hasira, msimamizi wa upande wake amfuate, kikao kingoje dakika 15. Asiporudi, wa akiba aketi, lakini kiti chake cha asili kibaki wazi kwa kikao kizima ili apate njia ya kurejea bila aibu.

Kuna kosa lisiloonekana: wasimamizi kutaka mafanikio kuliko wajumbe. Wanalainisha tafsiri, wanaandika sentensi mbili zenye maana mbili, watu wanasaini, na wiki moja baadaye kila upande unawaeleza wenzake jambo tofauti. Kabla ya kusaini, mwambie Mwisraeli mmoja aeleze kila kifungu kwa maneno yake kama atakavyokieleza nyumbani, Mpalestina asikilize, kisha wabadilishane. Kifungu kisichopita mtihani huu kirudi kwenye mabano. Karatasi yenye vifungu sita vya kweli na mabano manne ina faida kuliko iliyokamilika kwa ujanja.

Baada ya saini

Andika nakala za Kiarabu na Kiebrania zenye nguvu sawa, na wakalimani wote wawili wazilinganishe mstari kwa mstari kabla ya watu kutawanyika. Kila mjumbe ajaze fomu ileile aliyoijaza kabla ya kuanza: masuala kumi, anakubali au hakubali, na kwa nini. Ndani ya wiki tatu kila upande ukutane tena peke yake, kwa sababu shinikizo la nyumbani huanza wakati huo, na aliyesaini anahitaji wenzake wa kumsikiliza. Atakayetaka kuondoa jina lake aondolewe bila kuulizwa sababu. Kisha kila mjumbe aisome karatasi kwa watu kumi wa mtaani kwake, katika nyumba anayoiamini, aandike kifungu kilicholeta ubishi mkubwa na hoja iliyotolewa. Hoja hizo, Kiarabu kwa Kiebrania, ndizo zinazowekwa mezani kikao cha kwanza cha kundi linalofuata.